Siku Caritas Alipoketi Mtoni

Watu wa Jabe, mtaa wetu hapa Bujumbura, wakitaka kunisema husema Zubeda ana mdomo. Ni kweli, ninao, na nautumia. Mtu anayeuza vitenge sokoni Jabe bila mdomo atarudi nyumbani na vitenge vyake vyote. Lakini kwa Caritas, jirani yangu wa ukuta mmoja, mdomo huo haukunisaidia kitu mwaka mzima.

Mumewe, Audace, alifariki mwanzoni mwa mwaka jana, ghafla, akiwa anafunga kamba za viatu aende kazini. Tulimzika, tukakaa matanga, siku za kilio zikaisha, watu wakakunja mikeka wakarudi kwenye shughuli zao. Caritas hakukunja wake. Ulibaki palepale sebuleni, naye akawa anakaa juu yake tangu asubuhi, miguu ameinyoosha, kitenge amekivuta hadi magotini, macho mlangoni. Watoto wake wako ng'ambo. Walipopiga simu aliwaambia yuko salama. Mimi nilipomuuliza habari, jibu lilikuwa moja asubuhi, mchana na jioni.

"Mi niko tu, Zubeda."

Niliogopa, na sioni haya kulisema. Mama yangu mzazi alikaa hivyohivyo baada ya baba kufariki. Hakuwa na ugonjwa ambao daktari angeweza kuutaja, alikuwa amekaa tu, na kabla mwaka haujaisha tukambeba. Kwa hiyo nilipomwona Caritas na kile kitenge chake magotini, niliona jeneza. Nikaapa kwamba huyu sitamzika kwa kukaa, hata kama itabidi nimburute.

Na nilimburuta. Nilimtia kwenye klabu yetu ya sport. Jumapili asubuhi, Wakristo wakishatoka misa ya kwanza, tunakimbia barabarani kwa mistari, vijana mbele, wenye vitambi na mabibi nyuma, tunaimba na kupiga makofi hadi wenye usingizi watufungie madirisha. Kiongozi wetu ni Massoudi, fundi wa magari, mwembamba kama bisibisi, mwenye filimbi na sauti isiyolingana na mwili wake.

"Mi niko muzee," Caritas alilalamika siku ya kwanza. "Batanicheka."

"Bakucheke. Angalau batakuwa bamekuona," nikamwambia, nikamvalisha viatu mwenyewe.

Alikimbia nyuma kabisa, mdomo ameufunga. Sisi tuliimba, yeye hakuimba. Tulipotaniana, alitazama pembeni. Lakini alikuja, na Jumapili iliyofuata akaja tena, na mimi sikudai zaidi ya hapo. Walau asubuhi moja kwa wiki alikuwa anasimama kwa miguu yake.

Mara chache klabu hutoka nje ya mji. Kiangazi cha mwaka huu tuliamua kwenda mtoni, upande wa kusini, mbele kabisa ya Kinanira, chini ya bwawa moja la umeme. Jina lake naliacha. Sitaki ugomvi na wenye umeme, maana hata bila ugomvi unakatika vya kutosha. Tulipanda basi dogo hadi lami ilipoishia, tukakimbia kipande kilichobaki.

Ni mahali pazuri, nisikudanganye. Wakati wa kiangazi maji ni haba, yanapita kati ya mawe makubwa bapa, na huku na huku yameacha vidimbwi safi ambavyo vijana huja kuogelea na kupigia picha. Kuna kibao kilichochorwa mtu anayechukuliwa na maji, mikono juu, na chini yake maandishi mekundu kwamba bwawa hufunguliwa wakati wowote, king'ora kikilia mtoke mtoni. Tulikisoma, bila shaka. Kisha tukatundika masweta yetu juu yake, kwa sababu kilikuwa na urefu unaofaa. Langu lilimfunika yule mtu hadi kiunoni.

Barabara ya hapo ni ya vumbi, imechongwa ubavuni mwa mlima. Upande mmoja ni ukingo wa udongo ulio wima, mtu hawezi kuupanda ila kwa kucha. Upande wa pili ni mto wenyewe, unashuka kidogo tu, tayari uko juu ya mawe. Asubuhi hiyo tulikuta vibarua wamepaka chokaa mawe yaliyopangwa kandokando ya barabara, bado yanang'aa, chokaa bado mbichi. Mtu wa Bujumbura akiona mawe yamepakwa chokaa haulizi. Kuna mkubwa atapita.

Massoudi alitupanga barabarani, akaanza kutunyoosha viungo. Mikono juu, mikono chini, shika vidole vya miguu, wewe mwenye kitambi usidanganye. Tulikuwa hapo ndipo king'ora kilipolia kutoka juu, kirefu, cha kupasua masikio.

Mgeni angetazama sauti inatoka wapi. Sisi hatukutazama. Mjini kwetu king'ora cha msafara wa mkubwa kikilia, magari yanajibanza pembeni, mwenye baiskeli anashuka, mwenye mzigo anausogeza, na miguu inajua cha kufanya kabla kichwa hakijaulizwa. Massoudi alipiga filimbi kwa nguvu zake zote.

"Konvoi! Mutoke mu barabara! Bote chini, vite, vite!"

Tukatoka barabarani. Na kwa kuwa upande wa mlima haukuwa na nafasi ya kusimama hata mbuzi, tukashukia mtoni, klabu nzima, tukajipanga juu ya mawe kwa heshima, nyuso zikielekea barabarani. Waliokuwa wamekunja suruali walizikunjua. Caritas alifanya kazi ya serikali miaka mingi, karani wa posta, na hakuna mtu anayempisha mkubwa kwa haraka kama karani wa serikali. Tena ana tabia ya kuwapisha hata wasio wakubwa. Alipoona tunasongamana aliruka jiwe hadi jiwe, akatuachia nafasi, akaenda kusimama peke yake juu ya lile jiwe kubwa la katikati.

King'ora kikaendelea kulia, na gari halikutokea. Nyuma yangu mtu akanong'ona kwamba huyu lazima ni mkubwa sana.

Ndipo tukamwona mlinzi wa bwawa. Tulikuja kujua baadaye kwamba anaitwa Térence. Alikuwa anateremka barabarani mbio, amevaa mabuti ya mpira yanayomzidi, anatupungia mikono yote miwili kama mtu anayefukuza ndege shambani. Sisi tukaelewa kwamba anasafisha njia, kwamba bado tuko karibu mno na barabara. Tukarudi nyuma hatua kadhaa, kuelekea katikati ya mto. Akapunga zaidi. Nasi, watu wenye adabu, tukarudi nyuma zaidi.

Alipokaribia ndipo tukasikia anachosema.

"Mupande! Mupande juu! Maji inakuya! Maji!"

Hayakuja kama ukuta, kama watu wanavyosimulia. Kwanza majani makavu yaliyokuwa yamelala kwenye vidimbwi yakaanza kutembea. Kisha mawe yakabadilika rangi, moja baada ya jingine, kutoka kijivu kuwa meusi. Halafu ukaja mngurumo, na nyuma yake maji ya kahawia yenye mchanga, chini ya anga safi lisilo na wingu hata moja. Massoudi ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alibaki chini, maji yakimpiga magotini, akawa anatusukuma mmoja mmoja kwa makalio kurudi barabarani, wanaume kwa wanawake, bila kuomba radhi. Nami nilisukumwa. Nilipofika juu niligeuka kumtafuta Caritas.

Alikuwa bado kwenye jiwe lake. Kati yetu na yeye palikuwa tayari na mto mzima.

Térence alikuwa na redio begani. Akapiga kelele ndani yake, "Mufunge! Mufunge, kuna mutu katikati!" Kisha akatugeukia, jasho linamtiririka. Alituambia kwamba mashine moja imesimamishwa ili isafishwe, bwawa limejaa, ndiyo maana wamefungulia. Lango sasa linafungwa, lakini maji yaliyokwisha kutoka hayarudi nyuma. Yatapanda kidogo tena kabla ya kushuka.

"Jiwe ile naijua," akasema. "Akisimama, maji itamufika mu magoti, itapita. Lakini asimame. Asijaribu kutoka. Na hapa mutu asiingie! Mumoja akikwama, mwenye kumufuata ndiye anakufaka."

Asimame. Hilo tu ndilo lilikuwa linatakiwa. Nilivuta pumzi, nikasema moyoni, Alhamdulillah, kusimama si kazi.

Caritas alitazama maji upande wa kulia, akatazama upande wa kushoto. Kisha akaketi.

Aliketi taratibu, kama mtu aliyefika nyumbani. Akanyoosha miguu. Kitenge alichokuwa amejifunga juu ya suruali ya mazoezi akakivuta, akafunika magoti yake, akakilainisha kwa kiganja. Wenzangu walidhani amechoka, au kizunguzungu kimempata. Mimi nilijua anakaa wapi.

Tulipiga kelele wote. "Simama! Caritas, simama!" Mngurumo ulizimeza. Massoudi akapiga filimbi hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Hiyo aliisikia, maana aliinua macho. Basi Massoudi akapata wazo, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. Alitupanga upya barabarani, mistari ileile, akaanza mazoezi. Mikono juu! Mikono chini! Kimbia palepale ulipo! Klabu nzima, wengine wanalia, tukawa tunaruka na kurusha mikono mbele ya yule mwanamke mmoja, tukimwonyesha kwa miili yetu kile ambacho sauti zilishindwa kumwambia. Kila mmoja wetu aliinuka wima na kumfanyia ishara: hivi, simama hivi.

Alitutazama. Akatabasamu kidogo. Kisha akainua mkono akatupungia, polepole, kama anavyopunga mtu aliye ndani ya basi linaloondoka.

Massoudi aliacha kuruka. Alikaa chini vumbini, akashika kichwa.

"Ni mi nilibaambia mushuke," akasema. "Ni mi. Nilipiga filimbi mi mwenyewe."

Térence hakumgombeza, na angekuwa na haki. Alimwekea mkono begani bila kuondoa macho kwenye jiwe. "Batu bote ba Buja banashukaka," akasema. "Kila Jumapili naliza sirene, na kila dimanche banashuka. Niliambia bakubwa. Bakaleta sirene ingine, yenye kulia nguvu zaidi."

Maji yalikuwa yameanza kulamba ukingo wa jiwe. Kitenge cha Caritas kililowa pembe moja, naye akakivuta kidogo, kama mtu anayezuia nguo isiguse matope, akabaki amekaa.

Hasira zilinipanda. Sitazipamba kwa kuziita upendo, wala ushujaa. Zilikuwa hasira za mwaka mzima. Za kila sahani ya wali niliyompelekea na kuikuta jioni imefunikwa vilevile. Za kila "niko tu". Nilikuwa nimembeba huyu mwanamke mgongoni tangu siku ile ya viatu vya Audace, na sasa ananipungia mkono? Nikashuka ukingoni nikaingia mtoni.

Massoudi alinidaka kitenge. Kikabaki mkononi mwake, mimi nikaendelea na suruali yangu ya mazoezi. Usifanye nilivyofanya. Nilifanya upumbavu na Térence alikuwa ametukataza dakika hiyohiyo. Maji yalikuwa baridi na yalinivuta mguu kabla sijauweka chini. Nilishika mizizi iliyokuwa inaning'inia ukingoni, nikasogea, yakanifika mapajani, nikahisi mchanga unaondoka chini ya nyayo zangu kama mtu anauchota. Sijui kuogelea. Ziwa Tanganyika lipo mwisho wa barabara yetu, tangu nizaliwe, na sijawahi kuliingia kupita vifundo vya miguu.

"Caritas!" nilipiga ukelele. "We mushenzi! Unasikia? Simama, ao nakuya huko! Wallahi nakuya!"

Aliinua kichwa. Nikaona macho yake yananitafuta, yananiona, yanaona maji yamenifika wapi. Nikauachia mzizi mmoja.

Akasimama.

Alisimama kwa kishindo, kitenge kikamdondoka, maji yakakichukua hata hakukitazama. Akatoa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu msiba, ile sauti yake ya zamani, ambayo alikuwa akiwaitia watoto wake chakula na watoto wa mtaa wa pili wanaitika.

"Rudi! Zubeda, rudi! We mupumbavu, haujue kuogelea!"

"Mi sirudi kama unakaa!"

"Mi nimesimama! Hauoni? Nimesimama! Rudi, Mana yanje, Mungu wangu, rudi!"

"Hautakaa tena?"

"Sikai! Toka mu maji!"

Massoudi na Térence walikuwa wameshikana mikono na wengine nyuma yao, wakanipata kwapani wakaniburuta juu kama gunia la makaa. Nilitapika maji na matusi. Nilipogeuka, yalikuwa yamemfika Caritas magotini, kama Térence alivyosema, yanapiga miguu yake na kupasuka pande mbili. Naye amesimama, amepanua miguu, ameyumba mara moja akajirudisha. Massoudi akaanza tena mazoezi, kimbia palepale, miguu isife ganzi, na safari hii Caritas akafuata. Mikono juu, mikono chini, katikati ya mto. Lakini hakuwa anamtazama Massoudi. Alikuwa ananitazama mimi, na kila nilipojisogeza ukingoni alininyooshea kidole, kwa ukali, nirudi nyuma. Nikarudi.

Sijui ilichukua muda gani. Najua kwamba maji yaliacha kupanda muda mrefu kabla hayajaanza kushuka. Yalipoteremka hadi vifundoni mwake, vijana walitaka kumfuata. Térence akawazuia. Alingoja mpaka mawe ya pembeni yakatoa vichwa vyote, akaongea na redio tena kuhakikisha lango limefungwa, ndipo akajifunga kamba kiunoni, akatupa sisi ncha ya pili, akavuka. Alimshika Caritas mkono, wakarudi jiwe kwa jiwe. Ukingoni Massoudi alimpokea akipiga magoti, anasema nisamehe mama, nisamehe, naye akampapasa kichwa bila kukatisha hatua, akampita.

Alikuwa anakuja kwangu. Nilifungua mikono nimkumbatie.

Akanipiga kofi. Si la utani. Sikio langu lililia hadi jioni.

"Unafanyaka mambo gani, we?" alifoka. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, meno yanagongana, machozi na maji ya mto yanamshuka usoni pamoja. "Maji inakuchukua mbele ya macho yangu! Ungekufa, mi ningebaki na nani? Niambie! Mi ningebaki na nani?"

Nikaanza kulia mbele ya klabu nzima, kamasi zinanitoka, nimeshika shavu. Walidhani ni kwa ajili ya kofi. Massoudi hata akamshika Caritas mkono kwa upole, akamwambia, "Mama, tosha sasa, doucement," naye akamsukumia mbali akaendelea. Alinigombeza tulipokuwa tunateremka kwenda kwenye basi. Alinigombeza ndani ya basi, nguo zetu zinachuruzika kwenye viti, dereva anatutazama kwenye kioo. Akaingiza mambo ya zamani: chumvi yangu nyingi, redio yangu asubuhi, yule kuku wake niliyemwita wangu. Alinigombeza hadi Kinanira, akanigombeza hadi Jabe, na mimi nilikaa kimya kando yake, bega kwa bega, nikimwomba Mungu Caritas asinyamaze.